Tulivyochagua mashine ya kusagia ulezi nyumbani, mama akaingia dukani na konzi yake

Wakuu, poleni na mihangaiko. Haya niliyaona kwa macho yangu, siongezi chumvi.

Enzi hizo naishi Tunduma, bado iko mkoa wa Mbeya. Mama alikuja kwangu kutoka Mlowo, ametoka kuugua sana. Daktari alisema ale, arudishe nguvu. Yeye anaonja vijiko viwili vya uji wa ulezi, anasukuma bakuli.

"Uji unanuka dizeli, mwanangu."

Kweli, mashine ya mtaani kwetu ilikuwa ya injini ya dizeli. Lakini mume wangu alidhani ni ugonjwa unaongea. Mimi niliogopa. Vitenge vilikuwa vinamdondoka kiunoni.

Tukaamua kununua mashine ndogo, tusage wenyewe. Mama akasema haachwi nyumbani.

Dukani, muuzaji akatuwashia moja ya umeme, inang'aa. "Mama, hii inasaga hata mawe!"

Mama akafungua fundo la kitenge, akatoa konzi ya ulezi. "Mawe hatuli, baba. Saga huu."

Ulezi ukatoka chini mzima, mwekundu vilevile!

Mteja mmoja akadakia, "Mjomba, mashine yako imeusalimia tu." Duka zima kicheko.

Niwaeleze taratibu, maana wengi hukosea hapa. Ile ilikuwa ya nyundo. Vyuma vinapiga nafaka mpaka ipite kwenye matundu ya wavu. Wavu uliofungwa ni wa mahindi, na punje ya ulezi ni ndogo kuliko tundu lake, inapita bila kuguswa. Dawa ni kubadilisha wavu, ila muuzaji hakuwa na mwingine.

Mama akaonyesha rafu ya chini. Mashine ya mkono, imejaa vumbi. Hiyo ina sahani mbili za chuma zinazosuguana, unazibana kwa skrubu upendavyo.

"Hiyo ya kizamani, mama. Utachoka."

"Nitachoka nimeshiba."

Wakaifuta, wakaifunga mezani. Akakaa juu ya ndoo, akazungusha mwenyewe, polepole.



Unga ulishuka laini kama poda. Harufu ikajaa duka, na wale waliokuwa wanacheka wakasogea kunusa. Nikatia mkono, unga wa baridi kabisa, haukuungua. Nimekula ulezi tangu utotoni, kumbe harufu yake yenyewe sikuwa naijua!

Mama akalamba kidole, akafumba macho. "Huu ndio." Tukailipia hiyo ya mkono.

Kwa hiyo ukienda kununua, beba nafaka unayokula kwako. Isagwe mbele yako, uishike, uinuse. Kung'aa kwa mashine kusikubabaishe.

Ninyi mnaosaga nyumbani, mnatumia ya aina gani? Watu wa Kamsamba, mchele mnausagaje? Tupieni hapa chini, nitajibu kila mmoja.

Na jioni ile? Mama alimaliza bakuli, akaniita jikoni kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu augue:

"We mtoto, mbona umenipimia kama mgonjwa?"