Kuku wa Kimo cha Njiwa

Saa moja na nusu asubuhi leo nimefungua tenga la makuti mabichi, na harufu ya manyoya yenye unyevu ikanirudisha uani kwetu. Siku ile nilikuwa nimetoka Kiegeani na kuku wangu wa kwanza, majike wawili wenye kimo cha njiwa. Niliwanunua kwa pesa ya mama ya kuuza mwani.

"Umeuziwa vifaranga," mama aliniambia. "Warudishe."

Bibi mzaa mama, mwenyewe mfupi, alimshika mmoja, akampuliza kifuani. Manyoya yakafunguka, ngozi ikaonekana tupu, nyekundu.

"Kifua hiki kimenyonyoka kwa kuatamia, mwanangu," alimwambia mama. "Huyu mzazi. Ni kibete tu, kama mamako."

Mama akacheka, akapokea tenga. Nilishusha pumzi. Shilingi elfu nne za mwani zilikuwa salama.