Togwa Isiyotiwa Sukari

Mwaka huo niliapa kwamba togwa ya Krismasi nyumbani kwetu Ihanja haitatiwa sukari hata chembe. Mwaka uliotangulia mama alikunywa kikombe kizima cha togwa tamu, na Mwaka Mpya akaupokelea wodini, sukari imempanda, kidonda cha mguu kimefumuka upya. Na huwezi kumwambia asinywe. Kwetu mwenye nyumba ndiye anayekunywa kwanza, wageni waone kwamba chombo ni salama. Asipokunywa yeye, hakuna atakayegusa. Tangu baba afariki, kikombe hicho ni cha mama.

Nesi wa kliniki alimruhusu nusu kikombe, mradi kisiongezwe sukari. Basi nikaamua utamu utoke kwenye kimea chenyewe. Niliotesha ulezi kwenye gunia bichi, nikauanika, nikausaga. Mara ya kwanza niliharibu kwa haraka zangu: nilimimina kimea uji ukiwa bado unatokota, kikafa humo humo, tukabaki na uji wa kawaida. Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Mara ya pili, mkesha wa sikukuu, nilingoja uji upoe hadi kidole kivumilie, ndipo nikatia kimea kingi kuliko kawaida. Asubuhi nikaonja. Ulikuwa utamu wa nafaka, wa mbali, wenye uchachu kidogo. Nilijisifu peke yangu jikoni kama mjinga.

Kosa langu lilikuwa kwenda kanisani.

Mama alibaki kwa sababu ya mguu, pamoja na shangazi na wifi yangu, mke wa kaka. Sasa, nyumbani kwetu hakuna mwanamke anayepita karibu na chungu bila kukoroga na kuonja. Asiyeonja huonekana ana kinyongo. Niliporudi nilikuta wageni wameshajaa uani, na mama ameketi mbele yao na kitenge chake kipya, kikombe mkononi. Nilipitia jikoni nikachota kidogo. Nilidhani nimelamba asali.

"Nani ametia sukari?" nikawauliza shangazi na wifi, waliokuwa humo jikoni.

Shangazi alitazama pembeni. "Nimetia kidogo tu, mwanangu. Ilikuwa kama dawa."

"Hata mimi nilitia kidogo, wifi," akasema mke wa kaka. "Sikujua kama shangazi ameshatia."

Kidogo na kidogo! Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chenyewe kilikuwa njiani kuelekea mdomoni kwa mama. Nilitoka mbio, nikamnyang'anya kikombe mbele ya watu wote, nikakinywa mimi mpaka mwisho.

Mzee mmoja wa kanisa aliinamisha macho, na hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Anayekunywa kwanza ni mwenye nyumba. Mwenye nyumba alikuwa hai, ameketi mbele yangu, vidole vyake bado vimekunjwa kama vimeshika kitu.

Wageni walikunywa. Wakaisifu, wakaomba tena! Shangazi alipita na jagi huku akipokea sifa, na mimi nikatamani kukipiga teke kile chungu.

Walipoondoka nilimfuata mama chumbani, hasira zimenijaa. Nilimwambia wote ni wakaidi, kwamba nimehangaika wiki nzima na ulezi, kwamba shangazi na wifi wangemuua kwa mikono yao.

"Hawakuwa peke yao," akasema. "Na mimi nilitia. Vijiko viwili."

"Mama! Unataka kufa?"

Alikuwa anafungua kitenge taratibu, hanitazami.

"Togwa ya mgonjwa watu huijua kwa kuonja mara moja tu," akasema. "Sikutaka waijue, angalau leo. Wewe umewaambia kabla hawajaonja."