Sufuria Mbili za Isombe

Na itangazwe kwa wenye digrii na walioikimbia njiani: idara ya mzio ya chuo kikuu imethibitisha kwamba Mutsinzi, karani wake wa mafaili, hadhuriwi na karanga.

Utotoni alikula isombe, majani ya muhogo yaliyoungwa kwa karanga, akavimba uso. Karanga zikahukumiwa bila shahidi. Tangu hapo mama yake, kule Masaka, akawa anapika sufuria mbili: ya watu, na ya Mutsinzi, chapwa kama maji ya mvua. Mwaka jana, macho yakiwa yamefifia, mama akachanganya sufuria. Mutsinzi alinusa, akasukuma sahani, akamkaripia mbele ya wageni. Mwezi haukuisha, wakamzika mama.

Leo idarani wamemdunga Mutsinzi mkononi sindano ya kupima mzio, hakuota hata kipele. Wakamlisha karanga kidogo kidogo tangu asubuhi, wanafunzi wakimkodolea macho kama mbuzi wa mnadani. Wapi, hata mwasho.

“Mzee wangu, umepona ugonjwa ambao hukuwa nao,” akasema Profesa Kaliza. “Miaka arobaini. Hebu waambie vijana unajisikiaje.”

Mutsinzi alitazama bakuli tupu la karanga.

“Iko sawa tu, Profesa. Ila za mama zilikuwa za kusaga.”