Fishi Niliyoipanga Vizuri Mno

Kazi yangu ni ya mlangoni. Kliniki yetu iko mtaa wa Bwiza, katika nyumba ya kawaida yenye uzio wa mabati, na inatibu magonjwa ya zinaa na mambo mengine ambayo mtu hapendi kuyapeleka kwa daktari anayejuana na shangazi yake. Ninampokea mgonjwa, ninampa namba ambayo itakuwa yake siku zote badala ya jina, na akitoka kwa muuguzi ninampangia siku ya kurudi. Sikusomea lolote kati ya haya. Niliacha shule kabla ya kumaliza sekondari, na ninachokijua kuhusu magonjwa nilikisoma peke yangu, katika vijitabu vya Kifaransa vilivyobaki baada ya semina za wauguzi, kamusi ikiwa magotini. Aliyejifundisha mwenyewe ana woga wa aina yake. Kila asubuhi nilifika kazini nikidhani leo ndipo watakapogundua kwamba sijui kitu.

Muuguzi wetu ni mama wa makamo ambaye kila mtu anamwita Muganga, ingawa yeye mwenyewe husema si daktari. Yeye ndiye aliyeanza kuwashauri wagonjwa wetu wachanjwe dhidi ya HPV, virusi vinavyoambukizwa kwa kujamiiana na ambavyo, baada ya miaka mingi, vinaweza kuleta saratani ya mlango wa kizazi, na nyingine hata kwa wanaume. Ushauri wake ni mfupi. Akishamaliza kumtibu mtu, wakati mtu anafunga vifungo, anamuuliza kwa sauti ile ile anayoulizia kama kuna dawa inayomdhuru: "Na chanjo, nikuchome leo ama kesho?" Wengi wanasema leo. Anayeuliza ni chanjo ya nini anajibiwa kwamba haitibu alicho nacho, inamkinga na asichokipata bado, na kwamba yeye Muganga, angekuwa na umri wake, angechomwa. Basi.

Mimi sikuweza hivyo. Kila nilipoachiwa kazi ya kueleza, nilieleza yote niliyosoma: aina za virusi, mpaka wa umri, mashaka ya hapa na pale, nikitia "labda" na "inategemea" ili mtu asije akasema nimekosea. Watu walinisikiliza kwa heshima, wakasema wataenda kufikiri, wakaenda. Fundi mmoja wa magari, mikono bado ina grisi, aliniuliza: "Dada, unanishauri ama unanisomea?" Swali hilo lilinikaa kichwani wiki nzima.

Kisha Muganga alifiwa na kaka yake, akapanda kwao milimani kwa wiki mbili. Daktari kijana alikuwa akija asubuhi kushika nafasi yake, akaniachia mimi maelezo yote. Niliona huu ndio wakati wa kuipanga kliniki kama inavyotakiwa.

Jambo lililokuwa likiniumiza macho zaidi lilikuwa fishi, yaani ile karatasi ya siku ya kurudi. Muganga aliiandika juu ya chochote: bahasha ya vidonge, kipande cha boksi la sabuni, nyuma ya risiti ya mgonjwa mwenyewe. Aliandika siku na mwezi tu, kwa mwandiko wa kukimbia, akampa mtu. Niliona aibu. Nilisema moyoni kwamba mtu akiona kile kipande cha boksi atadhani anatibiwa na watu wasiojua kazi. Nikaenda mtaa wa Asiatique, kwenye duka la fotokopi, nikakaa karibu na mwenye kompyuta nikimwambia asogeze mstari huu, akoleze herufi zile, mpaka akaniuliza kama ninatengeneza karatasi ya hospitali ama kadi ya mwaliko wa harusi. Fishi yangu ilikuwa na jina la kliniki juu, na chini yake, kwa herufi nzito: "Huduma ya magonjwa ya zinaa". Kisha namba ya mgonjwa, aina ya chanjo, sindano ya ngapi, tarehe, na nafasi ya muhuri. Sikumbuki kama nimewahi kuipenda kazi ya mikono yangu namna ile.

Namba arobaini na mbili alikuja katika wiki hizo. Alikuwa msichana wa umri wangu, wa familia ya wafanyabiashara wa vitambaa wa kule kule Asiatique, watu wa siku nyingi mjini. Ataolewa baada ya Idi. Aliniambia haya mwenyewe, kwa sauti ya chini, ili nielewe kwa nini amevuka mji kuja kwetu. Ugonjwa wake ulikuwa mdogo, wa dawa za siku saba. Nilimweleza habari za chanjo, na yeye, tofauti na wengine, alisikiliza mpaka mwisho, akauliza maswali mazuri, akasema achomwe. Alikuwa wa kwanza kukubali kwa maneno yangu. Nilimjazia fishi kwa mwandiko wangu bora kabisa, sindano ya pili kati ya tatu, baada ya miezi miwili, nikagonga muhuri.

Aliitazama muda mrefu.

"Ni lazima niende nayo?" aliniuliza.

Nikamwambia ndiyo, ni lazima, bila fishi mpangilio unaharibika. Naandika sentensi hii kama nilivyoisema, maana kila nikiisimulia natamani kuilainisha.

Muganga alirudi Jumatatu. Siku hiyo hiyo, saa nne asubuhi, viti vimejaa, aliingia mama mmoja wa makamo aliyevaa buibui nyeusi, ananukia udi. Alitoa salamu kwa wote, akaitikiwa. Hakuchukua namba. Alifungua mkoba, akaiweka fishi yangu mezani, akainyoosha kwa viganja viwili.

"Mwanangu, hii karatasi ni ya kwenu?"

Nilisema ndiyo, ni ya kwetu. Ningesema nini, na muhuri uko pale.

Alieleza, bila kupandisha sauti, kwamba ameiokota nyumbani kwake. Nyumbani kwake kuna mabinti watatu, mmoja ana mchumba, na wote watatu wameapa kwamba hawaijui. Akaweka kidole juu ya namba. "Arobaini na mbili ni yupi?"

Nilijua kanuni: hatusemi nani alikuja na nani hakuja. Nilijua pia kwamba nikimtazama usoni atalisoma jibu, kwa hiyo nilitazama kidole chake. Wazo lilinijia kwamba niseme fishi ni yangu, niliipoteza njiani. Lakini fishi haiwezi kutoka kwangu Nyakabiga ikaingia nyumbani kwake Asiatique. Nikaanza kupanga kalamu mezani, na hata hilo niliona linamwambia kitu.

Muganga alikuwa amesimama mlangoni pa chumba chake. Alikuja, akaichukua ile fishi, akaisoma yote, mstari kwa mstari. Ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuiona. Kisha akamwambia yule mama kwamba namba ni namba, na hata mume wake akija hapa kutibiwa, yake pia hataambiwa.

"Mume wangu alikufa," alisema mama.

"Pole, dada yangu. Basi na yake sitakuambia."

Mtu mmoja kwenye viti alicheka, akajifanya anakohoa. Yule mama hakukasirika. Aliuliza sasa jambo lililokuwa nyuma ya lile la kwanza: hii sindano ni ya wanawake wa namna gani? Nikafungua mdomo. Nilikuwa na jibu la dakika kumi. Muganga aliinua mkono kidogo, nikafunga.

"Ni ya kila mtu anayeingia mulango huu," alisema. "Wa ndoa, asiye wa ndoa, na yule anayesindikiza mwenzake. Wote nawaambia wachomwe. Na mi ningekuwa na mabinti watatu, wangechomwa watatu."

Mama alinigeukia mimi. "Na huyu? Alichomwa?"

Sikuwa nimechomwa. Nilikuwa nimewasomea watu wangapi habari za ile chanjo, na kila mwezi nilijiambia mwezi ujao.

"Apana, Mama. Bado."

"Kwa nini?"

Jibu nililijua wakati ule ule nilipolisema. "Mama yangu ndiye anayefua nguo zangu. Anaanza na mifuko."

Niliona aibu ikinipanda mpaka masikioni, si kwa sababu ya mama yangu, bali kwa sababu nilikuwa nimewatengenezea watu wengine karatasi ambayo mimi mwenyewe nisingethubutu kuipeleka nyumbani.

"Kumbe na wewe una mama," alisema yule mama. Akaikunja fishi mara nne, akairudisha mkobani, akaaga, akatoka.

Mchana Muganga alizikusanya fishi zilizobaki, akaniuliza nimeshatoa ngapi. Kumi na moja, kumi kati yake za watu aliowaanzisha yeye. Hakunigombeza. Aliuliza tu: "Unafikiri mi sijui kuchora mistari?" Kisha, akiwa anaosha mikono: "Na we, nikuchome leo ama kesho?" Nilisema kesho. Akanitazama. Nikakunja mkono wa blauzi.

Iliyobaki ilikuwa kungoja. Namba ya simu ya yule arobaini na mbili tulikuwa nayo, lakini alikuwa ametuomba tusimpigie kamwe. Sikujua kama amebanwa mpaka akasema, kama mchumba amesikia, kama atathubutu tena kuvuka mji. Nilihesabu siku. Niliwaza pia, na hili linanitia haya, kwamba asiporudi nitakuwa nimempoteza yule mmoja tu niliyempata mwenyewe.

Siku iliyoandikwa kwenye fishi ilikuwa Alhamisi. Saa nne asubuhi aliingia yule mama wa buibui, na nyuma yake mabinti watatu wamejipanga kama wanaokwenda kupigwa picha ya pasipoti. Arobaini na mbili alikuwa wa katikati. Alitazama sakafu.

"Nimewaleta," alisema mama. "Wote."

Muganga aliwaingiza mmoja mmoja, mlango umefungwa, ili kila mmoja aulizwe peke yake kama anataka. Mama alibaki nami mezani. Ilibidi niandike daftarini namba za wasichana watatu mbele ya macho yake, naye, niliona, ni mtu anayejua kusoma maandishi yaliyogeuzwa juu chini. Niliandika namba tatu mpya, zinazofuatana.

"Ulichomwa?" aliniuliza.

"Ndiyo, Mama."

"Mama yako anajua?"

"Apana."

"Mi simwambii," alisema, akageuka kutazama ukuta.

Walitoka mmoja baada ya mwingine, kila mmoja amebana bega, na kwa nje huwezi kusema kwamba mmoja wao amechomwa ya pili na wengine ya kwanza. Muganga alitoka nyuma yao akasema siku ya kurudi kwa sauti, moja kwa wote watatu: miezi minne kutoka leo. Mimi nilijua kwamba wale wawili walipaswa kurudi baada ya miezi miwili, na kwamba ni mmoja tu anayestahili minne, kwa sindano ya tatu. Nilijua pia, maana nimesoma, kwamba kuchelewa hakuharibu chanjo. Kalamu ilikuwa mkononi. Nikaiweka mezani. Mama akairudia ile tarehe kwa mabinti wake, nao wakaitikia.

Wakati wanatoka, wa katikati alibaki nyuma hatua moja, kama anayefunga kiatu.

"Mwandiko wako ni mzuri," aliniambia polepole. "Ndiyo maana Mama alisoma yote."

Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kumwomba radhi, marefu, yamepangwa. Nilisema samahani. Alitikisa kichwa, sikujua ni kwa kukubali au kwa kukataa, akawafuata wenzake.

Kama mama yake aliwahi kujua ni yupi, sijui. Nadhani aliamua asijue, na nadhani haikuwa rahisi kwake. Mimi nina daftari ambalo silali vizuri likiwa na kosa, na ndani yake kuna mgonjwa mmoja mwenye namba mbili. Muganga anajua, mimi najua. Sijalisahihisha.