Anayeparua Kutu Ndani ya Bomba la Hospitali

Soli za buti ndizo zinazoonekana mwisho. Mwanamke wanayemwita Mama Kutu anatambaa ndani ya bomba la maji, chuma cha kuparulia mkononi, kamba kiunoni. Nje, shemeji yake ameishika kamba hiyo kwa mikono miwili.

Bomba hili hupandisha maji hospitalini, juu kilimani. Wiki nzima maji yamefika kwa matone tu. Pampu ni nzima, na bomba halijaziba. Tatizo ni kuta zake.

"Kutu imeota vinundu," anaeleza fundi mkuu. "Ukuta ukiwa laini, maji yanateleza. Ukiwa na vinundu, yale yanayopita karibu nao yanajikwaa, yanazunguka, yanagongana. Nguvu ya pampu inaishia humo humo."

Mama Kutu alirithi kazi hii kwa mumewe, aliyezidiwa na maji ndani ya bomba jingine. Leo ana haraka. Mdogo wake wa kike amelazwa kule juu, anasubiri mashine ya kusafisha damu, na mashine haifanyi kazi bila maji.

Anaparua. Ghafla mparuo unakoma.

"Shem, magoti yamelowa."

Shemeji anageukia vali waliyoifunga asubuhi. Inapitisha maji.

"Toka, shem."

"Kimebaki kipande kidogo tu."

"Nimeshamzika kaka yangu. Toka."

Hangoji jibu. Anavuta. Mama Kutu anatoka kinyumenyume, viwiko vimechubuka, uso mwekundu kwa kutu.

"Ungenipa dakika."

"Dakika nzima ungekunywa maji."

Mama Kutu anacheka kidogo, anajifuta uso. Fundi mkuu anakwenda kufunga vali ya pili, anarudi kuhakikisha hakuna hata tone. Mama Kutu anakaza kamba, anaingia tena.

Alasiri pampu zinawashwa. Wote watatu wanaikodolea macho simu ya Mama Kutu. Inapoita, anaipokea mara moja.

"Dada, maji yamefika," anasema mdogo wake. "Nesi ananiita."

Mama Kutu anakaa chini, palepale kwenye tope.

Kutu itaota tena. Ndiyo maana yeye na fundi mkuu wanaiomba idara ya maji ilipake bomba saruji laini kwa ndani.

"Wakilipaka, kazi sina," anasema. "Nitafungua genge la mboga. Nataka kufanya kazi nikiwa nimesimama."