Magunia ya Wifi

Pilipili hakupewa jina hilo kwa kupenda viungo. Alipewa kwa ulimi wake. Kazi yake ilikuwa kuchimba kaa wa mchangani na kuwauzia wavuvi wa mshipi wafanye chambo, na katika kazi hiyo alimchukia mtu mmoja tu, kwa moyo wote: wifi yake, dada wa mumewe, aliyechimba upande wa pili wa ufuo uleule.

Joto la mwaka huo halikuwa la mchezo. Mchanga uliunguza nyayo asubuhi na mapema. Kaa wakazama chini kusikofikika, wengine wakafa, wengine wakahamia penye ubaridi. Ndoo ya Pilipili ikawa inarudi nyumbani tupu. Ya wifi, haikukosa kitu.

"Unanichimbia nikishaondoka," Pilipili alimfokea. "Mwizi mkubwa we!"

"Hebu niondokee, wifi. Mchanga wako ni kikaango, nani akae humo? Loweka magunia, utandaze."

"Unifundishe kazi, wewe? Juzijuzi tu ulikuwa unapiga mayowe kaa akikupita mguuni!"

Hakuloweka chochote. Bora afe njaa kuliko kumuiga yule mwanamke. Wifi alikuwa ametandaza magunia upande wake, akiyamwagia maji ya bahari kila yalipokauka. Chini yake, penye ubaridi, walijikusanya kaa majike wenye mayai, naye hakuwagusa, alichimba pembeni.

Mchana mmoja, jua la utosi, wifi akaenda kula. Pilipili akaangaza huku na huku, kisha akayang'oa magunia yote na kuyatupa majini. Roho yake kwatu. Akakaa kivulini amngoje, aone atakavyolia.

Wifi aliporudi, kaa walikuwa wametapakaa juu ya mchanga, mayai yamewajaa tumboni, miguu haichezi tena. Hakulia. Aliinama, akamgeuza mmoja kwa kidole.

"Ufuo mzima, wenye mayai walibaki hawa tu," alisema. "Nilikuwa nangoja wazae, watoto wasambae mpaka kwako. Nilidhani ukipata chako utaninyamazia."

Pilipili akafungua kinywa amtukane. Badala yake akakimbilia ndoo, akachota maji, akaanza kuwamwagia kaa.

"Wamwagie tu," wifi akasema, akichukua vyake na kuondoka. "Hao wameshakufa, hawatamjibu mtu tena."