Mbegu Zisizo na Wenyewe

Mvua za kwanza zilipoanguka Babati, Antonia Paskasi hakufurahi kama wengine. Alikuwa fundi wa kompyuta katika biashara ya mbegu ya Mzee Twalha, yenye ghala kuu mjini na matawi Dareda na Magugu, na asubuhi hiyo kompyuta za kote zilikuwa zimegoma kwa pamoja.

Wakulima walikwisha kuagiza na kulipia mbegu zao kupitia matawi, wazichukue ghala kuu mvua zikianza. Nani kaagiza nini, yote yalikaa kwenye mashine za kampuni ya mbali iliyouza mfumo ule. Mkulima alibaki na namba tu kwenye simu yake. Antonia alipinga tangu mwanzo. "Mzee, tuchukue mfumo wa viwango vya wazi," alimsihi. "Kila tawi litunze kumbukumbu zake na lizungumze na mengine kwa lugha ambayo fundi yeyote anaielewa. Fundi huyu akituacha, mwingine ataendelea." Lakini wauzaji walikuwa na maneno matamu, na mzee akasaini.

Sasa kampuni ile ilikuwa imefunga milango bila kuaga. Simu zao hazikupatikana. Antonia alikuwa na nakala ya kumbukumbu, akadhani ndiyo mkombozi. Alipoifungua, akakuta alama tupu zisizosomeka: iliandikwa kwa namna waliyoijua watu wa kampuni ile peke yao. Alijaribu programu hii, akajaribu ile, bila mafanikio. Nje watu walizidi kujaa.

Akamfuata Twalha mlangoni mwa ghala. "Mzee, nimeshindwa."

"Umeshindwa vipi, binti yangu? Mbegu si hizi hapa?"

"Mbegu zipo. Wenyewe ndio hatuwajui."

Mzee alitazama umati, akatazama mawingu. "Mvua haimsubiri mtu. Atakayesema ameagiza, apewe."

Wakagawa kwa kuaminiana. Waliokuwa karibu, wa Bagara na Singe, walibeba, na walioagiza wakachanganyika na wasioagiza. Jua halijafika utosini, ghala likabaki sakafu tupu.

Ndipo basi la Dareda likamshusha Mama Felix, mjane wa makamo, na mfuko mtupu kwapani. Alimnyooshea Antonia simu. "Namba yangu hii, mwanangu. Mimi niliagiza mapema kabisa."

"Nakuamini, mama. Zimekwisha."

"Sasa nikapande nini?"

Antonia aliitazama ile namba, akamrudishia simu yake. Laiti angetukanwa! Mama Felix aliukunja mfuko wake taratibu, akasema, "Haya," akarudi stendi huku mvua ikimnyeshea.

Mzee Twalha aliwarudishia waliokosa mbegu fedha zao, lakini fedha hazioti. Baadaye alimruhusu Antonia kuweka mfumo wa wazi aliokuwa akiuomba. Ulifanya kazi vizuri. Kompyuta za Magugu na mjini zikawa zinasomana bila shida. Dareda hakuna mtu aliyeagiza tena. Tawi likafungwa.

Kabla ya mavuno Antonia alipanda basi kwenda Dareda kumtafuta yule mama. Shamba lilikuwa limepandwa punje za mahindi ya kula yaliyobaki ndani: mabua membamba ya manjano, mengi hayana hata gunzi. Mama Felix alimpokea kwa mikono miwili, akamwandalia makande kidogo yaliyokuwepo.

"Kula, mwanangu. Umetoka mbali."

Antonia alishika kijiko. Akaisukuma sahani mbele ya Mama Felix.